Daktari Aliyengoja Wagonjwa

Hapa Lubumbashi, mzazi akiulizwa angependa mwanawe awe nani, mara nyingi hujibu pasipo kufikiri: awe daktari, yaani munganga, kama tusemavyo mjini kwetu. Shamba huuzwa, mama huamka alfajiri kwenda sokoni na unga wake, wajomba huchangishwa, ili kijana apate kumaliza masomo yake ya Chuo Kikuu. Siku ya shahada jamaa yote huvaa nguo mpya na kuimba. Lakini ni nani awazaye habari za siku zinazofuata? Kijana hupanga nyumba ndogo, tuseme katika komuni ya Katuba au Kenya, hutundika kibao chenye jina lake, huketi nyuma ya meza, naye hungoja. Wagonjwa hawaji, au wanakuja wale wasio na franka hata moja. Na pengine moyoni mwake kijana huyu anacho kipaji kingine, cha kuchora, cha kutunga nyimbo, au cha kuandika. Je, aache uganga akifuate kipaji chake? Na wale waliouza shamba watasema nini?

Wasomaji wapenzi, swali hili lilimkabili mtu mmoja wa Ulaya ambaye jina lake limeenea ulimwenguni kote, na ambaye sisi watu wa Kongo tunayo sababu yetu ya kumkumbuka.

Arthur Conan Doyle alizaliwa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti, tarehe 22 Mei 1859. Wazee wake walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba alishindwa na pombe na maradhi. Mama ndiye aliyeibeba nyumba. Mtoto alisoma kwa mapadre Wajesuiti huko Stonyhurst, kisha akasomea uganga katika mji wake wa kuzaliwa, akapata shahada mwaka 1881. Miongoni mwa walimu wake alikuwamo daktari mpasuaji jina lake Joseph Bell. Bwana huyu alikuwa na desturi ya kumtazama mgonjwa kabla hajafungua kinywa: mikono yake, mwendo wake, viatu vyake, hata akawaambia wanafunzi kazi ya mtu huyo na mahali atokako. Kijana Doyle aliyaweka hayo moyoni.

Sasa ilimpasa kutafuta mahali pa kazi. Alikuwa na baba zake wadogo na wakubwa huko London, watu wenye sifa kati ya Wakatoliki, nao walitaka kumpa barua za kumjulisha kwa waamini wenzao ili wagonjwa wasikose. Yeye alikataa. Alikuwa ameiacha imani ya utoto wake, akaona si haki kula chakula kwa jina la dini asiyoisadiki tena. Sisi tunahuzunika kwamba aliiacha imani. Lakini ni lazima tukiri pia kwamba wako wengi ambao wangezipokea barua zile na kunyamaza, na kukaa kiti cha mbele kanisani.

Basi katika mwaka 1882 alifika Southsea, mtaa wa mji wa Portsmouth, na fedha zisizotimia pauni 10. Akapanga nyumba, akaweka viti katika chumba cha wagonjwa tu, na vyumba vingine vikabaki vitupu. Kibao chake cha shaba alikisugua mwenyewe usiku, asije akaonwa na majirani kwamba hana mtumishi. Mdogo wake Innes, mtoto wa miaka kama tisa, aliletwa kukaa naye, akawa ndiye bawabu wa kuwafungulia watu mlango. Mwenye duka mmoja alikuwa na kifafa. Kila aliposhikwa, daktari alilipwa siagi na majani ya chai. Mwaka wa kwanza alipata pauni 154, wa pili pauni 250, kisha polepole zikafika 300, wala katika miaka minane hazikuvuka hapo. Alipopeleka hesabu yake kwa mtoza kodi, yule akairudisha akiwa ameandika kwamba hairidhishi hata kidogo. Doyle akaandika chini yake kwamba yeye naye ana mawazo yale yale, akairudisha tena.

Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine aliandika. Hadithi nyingi zilirudishwa na wachapaji. Mwaka 1886 alitunga kitabu chake cha kwanza cha mpelelezi Sherlock Holmes, ambaye hutazama mikono na viatu vya watu kama alivyofanya mwalimu Bell. Mchapaji alimlipa pauni 25 kwa kitabu chote na haki zake zote, akakitoa mwaka 1887. Pauni 25!

Mwishoni mwa mwaka 1890 alifunga nyumba ya Southsea, akaenda Vienna kujifunza uganga wa macho. Kijerumani chake hakikutosha kwa masomo yale, kwa hiyo hakukaa sana. Mwaka 1891 akafungua chumba London, karibu na mtaa wa madaktari wakubwa, kwa kodi ya pauni 120 kwa mwaka. Kila asubuhi alifika saa nne, akaketi mpaka alasiri. Hakuna aliyebisha hodi. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekanyaga kizingiti chake. Kimya kile kilimpa nafasi ya kuandika hadithi fupi za Holmes, na gazeti la Strand likaanza kuzitoa mwezi wa Julai wa mwaka huo.

Mwezi wa Mei homa kali ya mafua ilimwangusha, akakaribia kufa. Akiwa kitandani, mnyonge kama mtoto, alifanya hesabu ya maisha yake: fedha za kalamu zilikuwa zinakwenda kulipia chumba kisicho na wagonjwa. Hapo akakata shauri kuacha uganga. Kwa furaha akaitupa leso yake juu mpaka darini.

Twaomba vijana waangalie jambo moja. Mtu huyu hakuikimbia kazi baada ya miezi sita. Alijaribu miaka tisa. Alipoacha, kalamu ilikuwa imekwisha kumlisha yeye na mkewe Louisa na mtoto wao, wala hakumwacha mgonjwa yeyote mlangoni. Anayeacha kazi iliyojaa watu wanaomhitaji, huyo habari yake ni nyingine, nasi hatutamsifu upesi hivyo. Wala si lazima kuacha. Margaret Ogola wa Kenya, Mkatoliki na daktari wa watoto, aliwahudumia mayatima wenye virusi vya UKIMWI katika nyumba ya Cottolengo mjini Nairobi, na juu ya hayo akaandika riwaya The River and the Source, iliyotoka mwaka 1994 na kusomwa katika shule za sekondari za nchi yake. Alifariki mwaka 2011 akiwa bado daktari.

Doyle naye hakuusahau uganga. Mwaka 1900, wakati wa vita vya Makaburu, alikwenda Bloemfontein, Afrika ya Kusini, kuwatibu askari waliokuwa wakifa kwa homa ya matumbo.

Tumesema kwamba Kongo inayo sababu ya kumkumbuka. Mwaka ule ule wa 1891 alioacha uganga, tarehe 20 Desemba, Mwami Msiri aliuawa Bunkeya na watu wa msafara wa Stairs, na Katanga ikatiwa chini ya bendera ya Dola la Mfalme Leopold wa Pili. (Katika msafara ule alikuwamo daktari Joseph Moloney, ambaye naye aliandika kitabu cha safari hiyo.) Katika misitu ya kaskazini watu walilazimishwa kuleta mpira kwa mijeledi, na wengine wakakatwa mikono. Karani mmoja wa kampuni ya meli, E. D. Morel, aliona katika hesabu kwamba meli zilileta mpira na pembe za ndovu, na kurudi Kongo na bunduki na risasi. Akatambua kwamba hapana biashara hapo. Yule karani alisoma madaftari kama Bell alivyosoma mikono ya wagonjwa. Padre Mjesuiti wa Ubelgiji, Arthur Vermeersch, naye aliandika mwaka 1906 kulaumu mambo hayo.

Doyle alikutana na Morel, akasoma ushahidi. Akaacha hadithi zake, akaketi, na kwa muda wa siku nane akaandika kitabu The Crime of the Congo, yaani Uhalifu wa Kongo. Kilitoka mwaka 1909, mwaka mmoja baada ya Ubelgiji kuitwaa nchi mikononi mwa Mfalme. Faida yake hakuichukua, bali aliitoa kwa ajili ya kazi ile ya kuwatetea Wakongo. Kisha akazunguka na Morel katika miji ya Uingereza, akihutubia kumbi zilizojaa watu, yeye aliyekuwa akikaa kutwa nzima London bila mtu kubisha hodi.

Leopold alifariki tarehe 17 Desemba mwaka huo huo. Mwaka uliofuata, 1910, mji wetu ulianza kujengwa, ukaitwa Elisabethville.