Mwanao Anapoficha Mkeka

Mzazi wa hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akija kunieleza habari za kijana wake anayebeti, huanza na hasara: simu iliyouzwa, posho ya familia iliyoyeyuka kabla unga haujanunuliwa. Mimi kwanza huuliza kuhusu uongo.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa maswali mawili ambayo yanatumika mpaka leo. Umewahi kuhisi ni lazima uweke pesa nyingi zaidi na zaidi? Umewahi kuwadanganya watu wako kuhusu kiasi unachocheza? Jibu la ndiyo kwa swali moja tu halithibitishi ugonjwa, lakini latosha kumpeleka kijana kwa mshauri. Na muulize kwa neno lake. Ukisema kamari atakataa kwa moyo mweupe, maana kwake kamari ni karata; yeye anabeti.

Dalili nyingine ni kufukuzia pesa iliyokwenda. Leo amepoteza kwacha elfu mbili, kesho anaweka elfu nne ili azirudishe. Mkeka, yaani tiketi yake ya kubeti, wa timu kumi ukichanwa na timu moja, haoni kwamba ameliwa. Anaona amekosa padogo. Kandege, ule mchezo wa kubeti wa ndege inayopaa kwenye simu, ndio mbaya zaidi, kwa sababu raundi huisha kwa sekunde chache na hasira haipati muda wa kupoa.

Siwalaumu vijana hawa. Kambi ilifunguliwa 1994 kwa watu kama 10,000, sasa ina zaidi ya 50,000. Mwaka 2023 wakimbizi wengi waliokuwa na biashara Lilongwe walirudishwa humu. Aliyemaliza sekondari na hana pa kwenda huanza kusema kubeti ni kazi yake. Ukilisikia neno hilo, keti naye.

Usimpe pesa mkononi akalipe deni. Mlipe mdai mwenyewe. Kubalianeni nani atashika namba ya siri ya Airtel Money au Mpamba kwa muda. Halafu nendeni kituo cha afya cha kambi, au kwa washauri wa shirika la wakimbizi la JRS. Hali ikiwa nzito, kipo kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya Bwaila, Lilongwe, mwendo wa kilomita kama 45.

Jambo moja wazazi huliogopa: muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asibaki peke yake hata kidogo, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.