Umri wa Gari Hauchagui Oili

Ingia duka lolote la vipuri Gerezani, Dar es Salaam, uombe oili ya injini. Swali la kwanza ni hili: "Gari la mwaka gani, kaka?" Ukijibu 1998, mkono wa muuzaji unakwenda moja kwa moja kwenye galoni la 20W-50. "Hilo limeshachoka, lipe nzito." Muuzaji hana nia mbaya. Lakini mwaka wa gari haumwonyeshi nafasi iliyopo kati ya krenki na beringi zake, wala rangi ya moshi unaotoka nyuma, wala oili ambayo wabunifu wa injini ile waliikusudia. Anaagua mgonjwa kwa kuuliza umri tu.

Tuzisome namba hizo kwanza. Katika 10W-30, ile 30 inaeleza mnato wa oili kwenye nyuzijoto 100, injini ikiwa imeshapata moto. Kwa kipimo cha SAE, oili ya 30 huanzia 9.3 hadi karibu na 12.5, ya 40 huishia karibu na 16.3, na ya 50 hufika karibu na 21.9. Kutoka 30 kwenda 50 si hatua ndogo. W nayo si "uzito" kama wengi wanavyoamini. Ni herufi ya majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake hupimwa kwenye baridi kali: 5W kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, 20W kwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Baridi ya namna hiyo haijulikani hata Makete, ambako Juni na Julai umande huganda shambani.

Hata hivyo, usidhani kwamba kwenye joto la Dar oili zote huamka sawa. Kwenye nyuzi 40, 20W-50 ina mnato unaozidi mara mbili ule wa 10W-30. Gari likilala, oili nyingi hushuka kwenye sampu, na asubuhi pampu inapaswa kuipandisha hadi kwenye kamshafti huku vyuma vikisuguana karibu vikavu. Tui la kwanza na tui la pili hutoka kwenye nazi moja, lakini yamimine kwenye chujio uone lipi linatangulia kupita. Na geji ya presha ikipanda, usishangilie upesi: inapima ukinzani, haipimi oili iliyofika juu.

Mwaka jana mwalimu mmoja aliniletea Corolla 110, yenye injini ya 5A-FE, iliyokuwa inapunguza oili. Gereji aliyoizoea ilimtoa kwenye 10W-30 ikampa 20W-50. Ilipoendelea kupungua, akapewa SAE 50 tupu, ile isiyo na W. Sasa kila asubuhi injini iligonga kichwani kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Aliambiwa ni uzee. Nilimwomba, "Mwalimu, niachie gari lilale hapa." Kulipopambazuka nilisimama nyuma ya ekzosi, kijana wangu akawasha. Likatoka wingu la moshi wa bluu, likakatika, na halikurudi hata tulipokanyaga mafuta.

Moshi wa namna hiyo husema jambo mahususi. Oili ilikuwa inachuruzika usiku kupitia sili za valvu zilizokauka, kisha inaungua gari linapowashwa. Zingekuwa ringi zimekwisha, moshi ungetoka gari likivuta mlima, na ukifungua kifuniko cha oili ungeona injini inapumua. Sili iliyogeuka ngumu kama plastiki haizibiki kwa oili nzito. Kilichopatikana ni kamshafti kucheleweshewa oili kila alfajiri, na pesa ya mwalimu kuendelea kutoka kwa moshi.

Sisemi oili nzito haina mahali pake. Vitabu vya Toyota vya magari ya rika hilo, vilivyoandikwa kwa nchi za joto, vinaruhusu 15W-40 na 20W-50 kwenye majedwali yao. Kupanda hatua moja, kutoka 30 kwenda 40, ni uamuzi wa busara ikiwa umepima na kuona sababu. Kupima hakuhitaji mashine: gari likae kwenye tambarare, lizimwe dakika tano, chomoa stiki, andika kilomita na kiasi ulichoongeza. Injini iliyozeeka ikila robo lita kwa kilomita 1,000, mimi huiacha na oili yake. Ikifika nusu lita, nakagua valvu inayopumulisha injini, kisha najaribu 40. Ikifika lita nzima, maongezi ya oili yamekwisha. Tufungue injini.

Magari yaliyofuata baada ya 110 yanataka uangalifu zaidi. Vitz, Corolla NZE na Premio nyingi zina injini ya 1NZ-FE yenye VVT-i. Humo oili inafanya kazi ya pili: presha yake ndiyo inayosogeza majira ya kamshafti, ikipita kwenye njia nyembamba na kichujio kidogo. Nyingi kati ya hizo sasa zimefika miaka 20, kwa hiyo muuzaji anaziita kuukuu na kuzipa 20W-50. Zibaki kwenye 5W-30 au 10W-30, na zikianza kupunguza oili, mwisho wake ni 10W-40. Mwenye Wish au Allion ya 1.8 yenye 1ZZ-FE ya mwanzoni asijilaumu gari likila oili. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni za injini ile yalikuwa madogo mno, na Toyota yenyewe ilibadilisha pistoni baadaye.

Kuna jambo ambalo dukani hakuna anayeuliza, na kwangu linazidi hizo namba: herufi mbili zinazofuata neno API. Zikianza na S ni za petroli, zikianza na C ni za dizeli, na herufi ya pili inavyosonga mbele kwenye alfabeti ndivyo kiwango kinavyokuwa kipya. API wenyewe wanasema oili ya SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya 1988, na SG baada ya 1993. Bado SF inauzwa, ni rahisi, na mwenye Corolla ya 1998 anapewa kwa kuwa gari ni "la zamani". Gari hilo limezaliwa baada ya oili hiyo kustaafu! Oili ya SL, ya mwaka 2001, au SN, ya 2010, ina visafishi na kinga bora kuliko vya SF, na inafaa injini hiyo bila shida. Kama mfuko ni mwembamba, nunua SN ya kawaida, uache SF yenye lebo ya kuvutia.

Wazee halisi ndio wanaonifanya nisitoe kanuni hiyo kwa gari kila moja. Peugeot 504, Datsun 1200 na Corolla KE70 yenye injini ya 4K zina tapeti bapa zinazosugua kamu moja kwa moja, na kinga yake ni zinki na fosforasi iliyomo kwenye oili. Tangu SM ya 2004, fosforasi kwenye oili nyepesi za petroli imewekewa kikomo cha asilimia 0.08 ili kulinda kichocheo cha ekzosi, kifaa ambacho 504 nyingi hazina. Hao wape 15W-40 yenye alama za CI-4 na SL pamoja.

Kuhusu sinthetiki, haiozeshi sili. Ikianza kuvuja baada ya kubadili, mara nyingi tope gumu ndilo lililokuwa limeziba ufa, nalo limeoshwa. Injini iliyojaa tope isafishwe taratibu, kwa oili nzuri inayomwagwa kila kilomita 2,000, mara tatu hivi.

Na hesabu ya kilomita 5,000 iangalie foleni. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa, 5,000 ni saa 83 za injini. Ukitambaa kwa 15 kati ya Mbagala na mjini, ni saa 333. Stiki na kilomita ni zilezile, lakini oili ya pili imefanya kazi mara nne. Kwa gari la foleni mimi humwaga kwenye 3,500.

Corolla ya mwalimu tuliibadilishia sili 16 za valvu, tukaijaza 10W-40 ya SN. Sauti ya asubuhi ilikatika wiki ileile. Mwezi uliopita alinionyesha daftari lake: kilomita 3,400, na kilichoongezwa ni kikombe kimoja cha chai.