Jumamosi Moja Huko Baraka

Kila aliyefika Baraka ameiona rasi ya Ubwari jinsi inavyojinyosha katika ziwa Tanganyika kama mkono wa mtu, ikiikumbatia ghuba ambamo wavuvi hutupa nyavu zao. Nchi hiyo yapendeza macho, lakini udongo wake umekunywa damu nyingi. Leo twataka kuwasimulia habari ya watu wanne waliouawa huko siku moja, kisha tujiulize habari hiyo yadai nini katika nyumba zetu.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 28 Novemba 1964, nayo kesho yake ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Padre Luigi Carrara alikuwa kanisani Baraka akiwaungamisha waamini. Yapata saa nane mchana, gari la waasi waliojiita Simba lilisimama karibu na kanisa. Mkubwa wao akamwita Bruda Vittorio Faccin, akamwamuru apande. Bruda akakataa, akapigwa risasi, akafa. Padre aliposikia mlio wa bunduki akatoka nje, naye akaamriwa kupanda. Hakupanda. Alijibu kwamba ikiwa ni kufa, afadhali afe pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, akauawa pale pale.

Gari likaendelea na safari mpaka Fizi. Jioni, wauaji wakafika kwenye nyumba ya mapadre. Padre Giovanni Didonè akawafungulia mlango, akapigwa risasi. Pamoja naye akauawa Padre Albert Joubert.

Carrara, Faccin na Didonè walikuwa Waitalia wa Shirika la Wasaveri. Carrara alikuwa na umri wa miaka 31, Faccin miaka 30, Didonè miaka 34. Padre Joubert alikuwa mzee wao, mwenye miaka 56, padre wa jimbo, naye hakutoka ng'ambo. Alizaliwa mwaka 1908 huko Moba, kandokando ya ziwa hili hili. Baba yake, Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa, alikuwa amewalinda watu wa Mpala kwa silaha dhidi ya wawinda watumwa. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa binti wa nchi. Walioana mwaka 1888. Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Tuseme kweli yote, maana uongo haumtukuzi Mungu. Uasi ule haukuzuka bila sababu. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, watu walitumaini haki na mkate. Badala yake waliona wakubwa wapya wakijitajirisha, na walimu wakikaa bila mishahara. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961, na wengi wakahesabu kwamba uhuru wao umezikwa pamoja naye. Basi walipotokea watu wakihubiri uhuru wa pili, vijana wengi waliwafuata. Mei 1964 mji wa Uvira ulikuwa mikononi mwao. Kulia kwa ajili ya haki si dhambi. Manabii nao walilia.

Dhambi iliingia pale watu walipofundishwa kwamba haki hupatikana kwa kumchagua mtu wa kuchukiwa. Vijana walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaaminishwa kwamba risasi za adui zitageuka maji. Wengi wao walikuwa wamekwisha kupokea maji mengine, yale ya Ubatizo. Maji ya Ubatizo humwambia mtu: huyu ni ndugu yako, mkifa mtafufuka pamoja. Maji ya vita humwambia: wewe hutakufa, muue yule. Katika majira yale makarani na walimu weusi waliuawa kwa sababu walijua kusoma. Hata askari wa serikali na mamluki waliokuja kuwafukuza Simba, nao waliua watu wengi wasio na hatia. Chuki haina upande mmoja, nayo haishibi.

Tazameni tena habari ya Padre Albert. Nani angeweza kumwita mgeni? Alizaliwa hapa, mama yake ni wa hapa. Mzungu alimwita mtu wa Afrika, Mwafrika akamwita mtoto wa mzungu. Mtu anayepima wenzake kwa damu hakosi kupata tofauti ya kutosha kwa kumwua yeyote. Leo itakuwa rangi, kesho kabila, kesho kutwa ukoo, na mwishowe nyumba ya mjomba. Watu wa Fizi wanalijua jambo hilo kuliko sisi. Vita vya baadaye viliwarudia, na wale wa Makobola, waliouawa katika siku za mwisho wa mwaka 1998, hawajasahauliwa na jamaa zao.

Enyi wazazi, hapa ndipo neno linapowafikia. Mtoto hazaliwi akijua nani ni adui yake. Hulisikia jina hilo jikoni, kwenye moto wa jioni, katika mitumbwi, wakati wakubwa wanapodhani kwamba amelala. Twawaonya watoto wasiibe, wasizini, wala wasiseme uongo, nasi twafanya vema. Lakini je, tunapoliita kabila la jirani kwa jina la mnyama, ni amri gani tunayowafundisha? Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyelelewa kwa matusi juu ya jirani amekwisha kutayarishwa kwa bunduki. Kinachobaki ni mtu wa kuja kumpa.

Wengine watasema: Je, tusahau wafu wetu? Hapana. Kusamehe si kusahau, wala si kusema kwamba ubaya ulikuwa wema. Mwenye kuua na ahukumiwe, mnyang'anyi na arudishe. Haki ni deni, na Mkristu hana ruhusa ya kulifuta deni la mwenzake kwa kunyamaza. Bali kusamehe ni kukataa kuwarithisha watoto kisasi. Siku tatu baada ya mauaji ya Baraka na Fizi, kule Isiro, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa kwa sababu alitetea usafi wake. Katika kufa alimwambia mwuaji kwamba anamsamehe, kwa maana hakujua alitendalo. Hakusema kwamba tendo lile lilikuwa jema. Alikataa tu kufa na chuki moyoni.

Nanyi wanafunzi, ninyi mnaojifunza kuhesabu na kupambanua, msimkubali mwanasiasa yeyote kwa sababu tu ni wa kabila lenu. Mwulizeni maswali matatu. Je, asema kweli? Je, anawalipa wanaomfanyia kazi? Je, ana neno lolote jema kwa watu wasiompigia kura? Akishindwa katika hayo, hata akija kanisani kila Dominika na kutoa sadaka kubwa, msimwazime mikono yenu.

Padre Carrara angaliweza kupanda gari lile. Labda angaliishi saa moja zaidi, labda miaka. Lakini mbele yake alikuwa amelala ndugu yake, wala hakutaka kumwacha peke yake mavumbini. Tarehe 28 Novemba itakapofika, baba wa nyumba awakusanye watoto wake, awasimulie habari hiyo. Kisha, kabla ya kusali Baba Yetu, kila mmoja alitaje moyoni jina la mtu mmoja asiye wa kabila lake, amwombee. Aliyeshindwa kulitaja jina hilo na aende kwanza kuungama, ndipo arudi kusali na wenzake.