Wazee na Vijana Kazini: Suala la Umri au Suala la Madaraka?

Ugomvi wa wazee na vijana kazini huelezwa kana kwamba chanzo chake ni miaka tu. Maelezo hayo hayatoshi.

Tuchukue Boko, jirani ya Wazo, ambako kiwanda cha saruji kilianza uzalishaji mwaka 1966. Katika kazi za namna hiyo fundi wa siku nyingi huitambua mashine kwa mlio wake. Kijana aliyetoka chuoni huisoma kwa tarakimu za kompyuta. Wote wanasema kweli. Hata hivyo, katika viwanda vingi mzee humficha kijana siri ya kazi, na kijana humdharau mzee. Kwa nini? Mzee ana ujuzi kama mali yake pekee. Anahofu kwamba akiugawa ataondolewa kabla ya wakati. Kijana ni kibarua wa mkataba wa miezi michache. Hana sababu ya kujifunza kazi ambayo huenda kesho hatakuwa nayo. Hofu hizo mbili hazikuzaliwa na umri. Zimezaliwa na jinsi kazi ilivyopangwa.

Nchi yetu imewahi kulishughulikia jambo hili. Agizo la Waziri Mkuu la mwaka 1973 lilitaka sehemu za kazi ziwe pia mahali pa kusomea. Kijana aliyesoma aliweza kumfundisha kusoma mtu wa rika la baba yake, kisha wakarudi kwenye mashine, mzee akawa mwalimu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilimtaka kijana afanye kazi kwanza kabla ya kwenda Chuo Kikuu, tena apate pendekezo la waliomwona kazini. Lilikuwa jambo jema, lakini pendekezo lililo mkononi mwa mkubwa laweza kumfundisha mdogo kujipendekeza.

Heshima isichanganywe na ukimya. Shikamoo haimwondolei kijana haki ya kusema kwamba kinga ya mashine imevunjika. Akinyamaza, watu hukatika vidole. Mwongozo wa 1971 ulikataza majivuno na uonevu wa viongozi, wala haukumpa ruhusa hiyo mwenye mvi.

Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza ubaguzi wa umri. Basi matawi ya wafanyakazi yadai makubaliano ya maandishi: anayekaribia kustaafu apewe kijana wa kufuatana naye mwaka mzima, kijana awe na mkataba wa muda huo wote, na saa za kufundishana zilipwe kama saa nyingine za kazi.