Somo la Afya: Kuyatunza Meno Yaliyong'arishwa Yasishike Rangi Tena

Mtu aweza kwenda kwa daktari wa meno, akatiwa dawa ya kung'arisha, akarudi nyumbani na meno meupe. Baada ya miezi michache rangi ile ile imerudi. Kwa nini?

Jino limefunikwa na ganda gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Hata hivyo, ganda hilo lina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Rangi ya chai, kahawa, tumbaku na mirungi hulishika na kupenya humo. Dawa huivunja rangi ya zamani, lakini haizuii rangi mpya.

Basi, afanyeje mtu huyo? Kwanza, kwa siku mbili baada ya dawa, anywe maji na maziwa, ale ugali au wali, aache chai ya rangi, kahawa na mchuzi wenye manjano. Pili, siku za baadaye akinywa kahawa, asukutue kwa maji safi papo hapo. Tatu, apige mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwani rangi hushika upesi penye ukoga. Nne, aache tumbaku, na mirungi pia, ambayo imekatazwa na sheria ya mwaka 2015.

Jihadharini na majivu, mchanga, mkaa na ndimu. Jino litang'aa leo, lakini ganda linalika, wala halioti tena. Chini yake jino lina rangi ya manjano. Kwa hiyo anayetafuta weupe kwa kusugua mno mwisho hupata umanjano.

Iko rangi nyingine isiyotoka kwa kusugua: madoa ya kahawia ya tangu utotoni, yanayoonekana sana katika mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Hayo huletwa na floraidi nyingi iliyomo katika maji ya mahali pengine na katika magadi, ikamwingia mtoto wakati meno yake yakijengwa ndani ya ufizi. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Kinga ni kumlinda mtoto mpaka atimize miaka 8. Mama aloweke mahindi na maharage usiku kucha, makande yaive upesi pasipo magadi. Doa hilo huzuiwa mapema. Likishaingia, mswaki hauliwezi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini meno yaliyong'arishwa hushika rangi tena?
2. Majivu na mchanga huharibu nini?
3. Nani kati yetu hupika makande kwa magadi, na watoto wangapi huyala?