Mwenyekiti Asiye na Amri

Kati ya vyama tisa vya udugu vya wanafunzi Weusi wa Marekani, vitano vilizaliwa Januari, ndani ya siku 12. Kappa Alpha Psi ni tarehe 5, mwaka 1911. Phi Beta Sigma tarehe 9, mwaka 1914. Delta Sigma Theta tarehe 13, mwaka 1913. Alpha Kappa Alpha tarehe 15, mwaka 1908. Na Zeta Phi Beta tarehe 16, mwaka 1920. Kila kimoja kina wiki yake ya kuadhimisha kuzaliwa kwake: mihadhara, kazi za kujitolea, maonyesho na sherehe. Kila kimoja kinataka ukumbi mkubwa, na kinautaka Jumamosi. Hapohapo, Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya Martin Luther King, aliyekuwa mwanachama wa Alpha Phi Alpha, na siku hiyo hakuna chama kinachokubali kuonekana kimekaa tu.

Anayetakiwa kuyapanga yote hayo bila watu kununiana ni mwanafunzi wa miaka ishirini na kitu, mwenyekiti wa baraza la vyama hivyo chuoni. Kwa mwaka mmoja mwanafunzi huyo nilikuwa mimi, msichana wa Tanga niliyekwenda kusoma Ohio, katika chuo kikuu cha umma ambako sisi Weusi tulikuwa wachache. Chama changu sitakitaja. Nilipokalia kile kiti nilijizoeza kutokitaja, na mazoea yana tabu.

Wasomaji wengi wa huku nyumbani wamewahi kuwaona watu hawa bila kujua ni akina nani. Kamala Harris aliyegombea urais mwaka 2024 ni mwanachama wa Alpha Kappa Alpha, alikojiunga akiwa mwanafunzi wa Howard University. Wale wanawake waliovaa rangi ya waridi na kijani kumshangilia walikuwa wenzake. Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe, waliosoma Marekani kabla ya kurudi Afrika kudai uhuru, walikuwa Phi Beta Sigma. Ukijiunga, umejiunga maisha. Kuna bibi na babu ambao bado wanalipa ada ya mwaka na kuhudhuria vikao vya tawi la wahitimu mjini kwao.

Chanzo cha vyama hivi ni ubaguzi. Vyama vya wanafunzi Wazungu, vyenye majina ya herufi za Kigiriki, havikuwapokea Weusi. Tarehe 4 Desemba 1906, katika chuo cha Cornell jimboni New York, vijana saba walianzisha Alpha Phi Alpha. Vitano kati ya vyama tisa vilianzia Howard, chuo cha Weusi kilichoko Washington. Sigma Gamma Rho kilianzishwa na walimu saba wa kike huko Indianapolis mwaka 1922, wakati Ku Klux Klan imeota mizizi jimboni Indiana. Cha mwisho, Iota Phi Theta, kilizaliwa Baltimore katika chuo cha Morgan State mwaka 1963.

Wazungu walikuwa na mabaraza yao ya kitaifa mapema: wanawake tangu 1902, wanaume tangu 1909. Baraza la vyama vya Weusi, National Pan-Hellenic Council, liliundwa Howard tarehe 10 Mei 1930, na humo wanaume na wanawake hukaa meza moja. Lilianza na vyama vitano, likaongezewa viwili mwaka 1931, Sigma Gamma Rho kikaingia 1937, na Iota kikasubiri hadi 1997. Kila chuo chenye matawi ya kutosha huwa na baraza lake dogo. Hilo ndilo nililoliongoza.

Neno kuongoza lisikudanganye. Baraza ni shirikisho, na kila chama ndani yake kina makao makuu yake, katiba yake, rais wake wa taifa na mambo yake ya siri. Mwenyekiti wa baraza la chuo hawezi kumwingiza mtu katika chama chochote wala kumtoa. Hawezi kuliuliza tawi linachukua wanachama wapya lini, wala wangapi. Akimwamrisha kiongozi wa tawi jingine, atajibiwa kwa adabu kwamba suala hilo litapelekwa kwa mlezi wa tawi, na litafia huko. Alichonacho ni uwezo wa kuitisha kikao, kupanga ajenda, kutunza kalenda, kukusanya ada, na kuzungumza na uongozi wa chuo kwa niaba ya wote. Basi.

Kwa hiyo taratibu za vikao ndizo zinazoshika nafasi ya amri. Mabaraza mengi hufuata kitabu cha kanuni za mikutano cha Henry Robert, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1876: hoja inatolewa, inaungwa mkono, inajadiliwa, inapigiwa kura. Kwetu kulikuwa na mwanafunzi aliyepewa kazi moja tu ya kuangalia kanuni hizo, na aliichukua kwa uzito wa hakimu. Mwanzoni niliona ni mbwembwe. Baadaye nikatambua kwamba vijana wa vyama viwili ambavyo havijasalimiana tangu muhula uliopita wanaweza kuzungumza kupitia kwa mwenyekiti saa nzima bila kutazamana usoni, na mwisho wakapiga kura upande mmoja.

Kila tawi lina kura moja, liwe na watu 30 au wawili. Katika chuo cha Weusi kama Howard tawi linaweza kujaa. Katika chuo chenye Wazungu wengi, tawi zima linaweza kuingia kwenye gari dogo na kiti kikabaki. Kwetu kulikuwa na dada mmoja aliyebaki peke yake katika tawi lake baada ya wenzake kuhitimu. Alikuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina wa tawi, na ndiye aliyekuwa mjumbe wao barazani. Akiugua, tunakosa akidi. Wapo walionung'unika kwamba si haki mtu mmoja awe na kura sawa na watu 20. Siku ya kupitisha bajeti alisimama akasema, “Mwenyekiti, mimi sijaja hapa na kichwa changu peke yake. Nimekuja na chama changu.” Hoja ya kupima kura kwa idadi ya watu haikupata hata mtu wa kuiunga mkono.

Kikao kigumu kuliko vyote kilikuwa cha kalenda, mwezi wa Aprili, tukigawana tarehe za mwaka wa masomo unaofuata. Katibu alichora jedwali ubaoni lenye safu saba, kwa kuwa kwetu yalikuwapo matawi saba. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba tarehe ya kuzaliwa kwa chama haiguswi na mwingine. Kanuni ya pili, Jumamosi zilizobaki zinapigiwa kura ya bahati, vikaratasi ndani ya kofia. Hapo ndipo mtu anajifunza kusoma yasiyoandikwa. Mjumbe mmoja akaomba Jumapili moja ya Novemba, na kwenye nafasi ya maelezo akasema, “Andika shughuli ya tawi.” Katibu akaandika shughuli ya tawi. Hakuna aliyeuliza ni shughuli gani. Lakini mjumbe wa pili akafuta tamasha lake la Jumamosi ya jana yake, na wa tatu akasogeza mhadhara wake wiki moja mbele. Wote walikuwa wameshaelewa kwamba Jumapili hiyo tawi lile litatambulisha wanachama wapya.

Utambulisho huo si wa kukosa. Wanachama wapya wanaingia uwanjani kwa mstari, kwa kawaida mfupi mbele na mrefu nyuma, wamevaa sare, nyuso zimefunikwa, wakitembea kama mwili mmoja. Wanataja waasisi wote kwa majina, wanatoa historia ya chama kwa sauti moja bila kukosea, kisha nyuso zinafunuliwa na umati unalipuka. Hapo ndipo wengine wanapojua kwamba jirani yao wa bweni alikuwa anajiandaa kwa wiki kadhaa bila kumwambia mtu. Halafu inafuata ngoma ya kupiga hatua kwa miguu na makofi, ambayo kila chama kina mitindo yake. Kazi ya baraza siku hiyo ni ndogo, ila ni ya lazima: kuhakikisha hakuna mtu anayekatiza mstari wa wenzake, na kwamba vyama vikitoka kucheza pamoja vinatoka kwa mpangilio unaokubalika na wote, ambao kwetu ulikuwa mwaka wa kuanzishwa. Mwanafunzi mgeni kutoka Nairobi au Dar es Salaam aelewe pia kwamba ishara za mikono na miito ya kila chama zina wenyewe. Kuiga kwa utani kunachukuliwa kama tusi.

Upande wa giza upo. Waliosoma shule za bweni wanakumbuka jinsi wanafunzi wa kidato cha kwanza wanavyosumbuliwa na wakubwa zao. Katika vyama hivi, na vya Wazungu vilevile, mateso kwa wanaojiunga yamewahi kufikia kipigo na vifo. Mwaka 1990 viongozi wa taifa wa vyama vya Weusi vilivyokuwa ndani ya baraza walikubaliana kufuta kipindi kirefu cha majaribio kwa wanaojiunga, wakaweka utaratibu mfupi unaosimamiwa na watu wazima. Tabia haikufa kwa tamko hilo. Mahali pengine ilijificha. Desemba 2024 ikatiwa saini sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kuhesabu na kutangaza matukio ya aina hiyo.

Baraza la wanafunzi halichunguzi mambo haya. Chuo ndicho kinachochunguza, pamoja na makao makuu ya chama. Ila tawi likifungiwa, pigo linatua mezani kwetu: kura inapungua, akidi inahesabiwa upya, ada zinakosekana, na onyesho la wiki ya wahitimu kurudi kutembelea chuo, ambalo ndilo linalojaza mfuko wa baraza, linabaki na pengo kila mtu analoliona. Hatukuwa na mamlaka ya kuzuia kosa, lakini tulikuwa tunalipa sehemu ya faini.

Niliowapenda kuliko wote ni walezi. Kila tawi la wanafunzi lina mlezi kutoka tawi la wahitimu: mwanasheria, muuguzi, mwalimu mkuu mstaafu. Mama mmoja wa miaka sitini na zaidi alikuwa akija vikaoni na mkoba uliojaa kumbukumbu za tangu ujana wake, na kila nikimwona ulimi wangu ulitaka kusema shikamoo. Wenzake wanamwita dada, kwa kuwa katika chama chao wote ni dada, mkubwa na mdogo. Mimi nilishindwa, nikabaki kumwita mama, naye akakubali. Ndiye aliyenieleza kwa nini vyama viwili vya chuo chetu havielewani: ugomvi wa zamani kuhusu benchi lililopakwa rangi, ulioanza kabla hata mimi sijazaliwa. Vyama vingi vya Weusi havina nyumba kubwa kama vya Wazungu. Vina benchi, mti au kipande cha uwanja chenye rangi zao, na kipande hicho kina thamani ya nyumba.

Wapo wanaosema baraza lipewe meno: litoze faini kubwa, lisimamishe matawi, liwe na neno katika kupokea wanachama. Mimi sikubaliani. Vingi vya vyama hivi vimedumu zaidi ya karne kwa sababu kila kimoja kinajisimamia, na hakuna kitakachokabidhi mambo yake kwa kijana wa chama kingine ambaye mwakani atakuwa amehitimu. Kinachokosekana ni makabidhiano. Viongozi wanabadilika kila mwaka, na kila mwaka mpya unaanza na swali lilelile la nani ana neno la siri la barua pepe na nani anasaini benki. Nilipotoka niliacha faili moja lenye kumbukumbu zote za vikao, hesabu, mikataba ya kumbi na majina ya kila ofisa wa chuo anayeshika ufunguo fulani. Aliyenirithi, wa chama kingine kabisa, alilipokea, akashukuru, na katika kikao chake cha kwanza akaomba kura ya kuhamisha vikao kutoka Jumapili jioni, siku niliyoipigania mimi, kwenda Jumatano. Alishinda kwa kura sita kwa moja.