Chuma Kisichofika Damuni: Upungufu wa Damu Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Katika wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, kipo kimondo mashuhuri ambacho wanafunzi wengi wa nyanda za juu kusini wamepata kupelekwa kukitazama. Kiko Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16 hivi, na yapata asilimia 90 yake ni chuma, sehemu kubwa ya iliyobaki ikiwa nikeli. Wenyeji walikijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza kwa wanasayansi mwaka 1930.

Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma mwilini mwake. Kwa hesabu hiyo kimondo cha Mbozi, chenye gramu zipatazo milioni 14 za chuma, kingetosha watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Hata hivyo mtu aliyepungukiwa na damu akikilamba mwaka mzima hataona nafuu. Chuma kilichopo si lazima kiwe chuma kinachoingia mwilini, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha tatizo linaloelezwa hapa.

Isansa ni kata ya wilaya hiyohiyo, nchi ya kahawa, mahindi na maharage. Na achukuliwe, kwa mfano tu, mama mmoja wa huko mwenye umri wa miaka 38 ambaye unene ulimletea kisukari na maumivu ya magoti, naye kwa msaada wa jamaa zake akafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito katika hospitali kubwa ya mbali. Amerudi nyumbani, uzito umeshuka, na sukari imetulia. Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye anaanza kuchoka akipanda kilima, moyo unamwenda mbio, kucha zinavunjika, na anajikuta akitamani sana udongo wa kula unaouzwa sokoni. Jirani zake wanasema amelogwa, au kwamba ndiyo malipo ya kujikondesha. Kumbe jambo lililompata linaelezeka kwa sentimeta 25 za utumbo.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba unene na upungufu wa damu havipingani. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na asilimia 28 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mtu mmoja aweza kuwa katika makundi yote mawili, maana mwili wenye mafuta mengi huwa na uvimbe wa ndani usioonekana, na uvimbe huo hulifanya ini litoe kwa wingi homoni iitwayo hepsidini. Hepsidini ni mlinzi wa chuma: ikizidi, chuma hufungiwa ndani ya chembe za utumbo na hakipiti kwenda damuni. Kwa hiyo wengine huingia chumba cha upasuaji wakiwa tayari wamepungukiwa.

Chuma husafiri hivi. Katika nafaka, maharage na mboga, chuma kingi kiko katika hali ya feriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi. Tindikali ya mfuko wa chakula hukiyeyusha, vitamini C na kimeng'enya kilichopo kwenye ukuta wa utumbo hukigeuza kuwa cha hali ya ferasi, kisha hufyonzwa. Ufyonzaji huo hutokea hasa katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, yenye urefu wa sentimeta 25 hivi, na mwanzoni mwa sehemu inayoifuata. Huko mbele utumbo una urefu wa meta kadhaa, lakini kwa habari ya chuma hausaidii sana. Mlango ni huo mmoja.

Sasa daktari mpasuaji afanyapo upasuaji wa kupitisha chakula pembeni, hutenga kifuko kidogo juu ya mfuko wa chakula, chenye ujazo wa mililita 20 hadi 30, na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo wa mbele. Chakula hakipiti tena katika sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, wala katika duodeni. Njia hii ilibuniwa na Edward Mason na Chikashi Ito huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, nayo ina asili yake katika upasuaji wa mfuko wa chakula uliotangulia, tangu Theodor Billroth alipokata sehemu ya mfuko wa chakula wa mgonjwa huko Vienna mwaka 1881. Waliopasuliwa kwa ajili ya vidonda nao walijulikana kupungukiwa na damu miaka mingi kabla upasuaji wa unene haujakuwapo, kwa hiyo tatizo hili si geni kwa tiba.

Kuna njia ya pili, ya kukata takriban robo tatu ya mfuko wa chakula na kuuacha mwembamba kama mkono wa shati. Hapo duodeni inabaki kazini, ila tindikali hupungua na mtu hula kidogo. Upungufu wa chuma hutokea pia, ingawa kwa kawaida si mkali kama wa njia ya kwanza. Ama puto linalowekwa tumboni, huduma iliyoanza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, mwaka 2022, hilo halikati wala halipitishi kitu pembeni, na halipasi kuchanganywa na hayo mawili.

Kwa nini mama yule aliugua baada ya mwaka na zaidi, na si mara moja? Hesabu yake inafaa ubaoni. Mwanamke ana akiba ya chuma ya miligramu 300 hivi, ambayo huhifadhiwa ndani ya protini iitwayo feritini. Kwa hedhi na njia nyingine hupoteza wastani wa miligramu 1.5 kwa siku. Ikiwa baada ya upasuaji anafyonza nusu miligramu tu, kila siku akiba inapungua kwa miligramu moja, nayo itakwisha baada ya siku 300, yaani miezi kumi. Ndipo himoglobini inapoanza kushuka, polepole, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kuacha kwenda kwa mpasuaji wake kwa kuwa anajiona amepona. Huo ndio mtego wenyewe.

Chakula chake cha nyumbani nacho kina neno. Ugali na maharage vina chuma, lakini vina pia fitati inayokishika. Uchunguzi uliofanywa wilayani Lindi na Tatala, Svanberg na Mduma, ukachapishwa mwaka 1998, ulionyesha kwamba chanzo kikubwa cha upungufu wa damu huko kilikuwa chuma cha chakula kutofyonzeka. Kuotesha nafaka na kuichachua, kama wafanyavyo watengenezaji wa togwa, hupunguza fitati, na hilo ni jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila kujua fitati ni kitu gani. Udongo ule wa sokoni haumwongezei mama damu. Kinyume chake, huweza kukinasa chuma tumboni. Hamu ya kuula, hata hivyo, ni dalili ya kweli ya ugonjwa, si tabia mbaya, na mhudumu wa afya anayeuliza swali hilo bila kumcheka mgonjwa anaweza kugundua mengi.

Kisha kuna vinywaji. Mbozi hulima kahawa, lakini katika nyumba nyingi kinywaji cha asubuhi ni chai. Majaribio ya Morck, Lynch na Cook, yaliyochapishwa mwaka 1983, yaligundua kwamba kikombe cha kahawa pamoja na mlo wa nyama kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 39, na chai kwa asilimia 64. Kahawa iliyonywewa saa moja baada ya kula ilizuia sawasawa na ile ya wakati wa kula. Iliyonywewa saa moja kabla haikuzuia. Mkulima wa kahawa hana haja ya kuacha zao lake, bali abadili saa ya kikombe.

Mwalimu wa kemia aweza kulionyesha jambo hili kwa gharama ndogo. Ponda kidonge kimoja cha salfeti ya feri, koroga katika maji, chuja, kisha tia chai kavu ya rangi nzito isiyo na maziwa. Mchanganyiko huwa mweusi kama wino. Na kwa hakika ni jamaa ya wino wa kale, uliotengenezwa kwa chuma na tanini. Ongeza maji ya ndimu, na weusi utafifia. Wanafunzi wasionje, na vidonge vilivyobaki vifungiwe kabatini, maana vidonge hivyo vichache tu huweza kumwua mtoto mdogo.

Basi mgonjwa atunzwe vipi? Kinga ndiyo inayotangulia. Kwa mwanamke aliye bado katika hedhi aliyefanyiwa upasuaji wa aina hizo mbili, miongozo ya kitaalamu hupendekeza miligramu 45 hadi 60 za chuma kila siku, kwa maisha yote. Hapa neno «miligramu za chuma» lisieleweke vibaya. Kidonge cha miligramu 200 za salfeti ya feri iliyokaushwa hakina miligramu 200 za chuma. Kina 65 hivi, iliyobaki ikiwa salfeti na maji kidogo. Kinywewe pamoja na machungwa au ndimu, mbali na chai na maziwa. Mgonjwa huyu huwa pia ameandikiwa vidonge vya kalsiamu, navyo vikinywewa pamoja na chuma huvuruga ufyonzaji. Vitenganishwe kwa saa mbili au zaidi. Vidonge vilivyofunikwa ili viyeyuke mbali utumboni havimfai, kwani kwake mlango umekwisha kupitwa. Dawa za kupunguza tindikali, ambazo mara nyingi hupewa baada ya upasuaji, nazo hupunguza chuma, lakini zisiachwe pasipo ushauri wa daktari.

Upungufu ukishatokea, kipimo cha dawa huongezwa na mganga. Ni kawaida kudhani kwamba kumeza vidonge mara tatu kwa siku kutamsaidia mara tatu. Sivyo. Kila kipimo cha chuma hupandisha hepsidini kwa takriban siku nzima, na kidonge kinachofuata upesi hukuta mlango umebanwa. Ndiyo sababu kwa watu ambao hawajapasuliwa wataalamu wengi sasa hupendelea kipimo kimoja kwa siku, au siku moja baada ya nyingine. Kwa aliyepitishiwa chakula pembeni uamuzi ni mgumu zaidi, na damu isipopanda baada ya wiki kadhaa haifai kuendelea kumlaumu kwamba hamezi dawa. Chuma cha kudungwa mshipani hupita mlango wote na kufika damuni. Hutolewa hospitalini tu, palipo na watu na dawa za kukabili mzio wa ghafla.

Vipimo navyo vina mitego. Himoglobini iliyo chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa upungufu kwa mwanamke asiye mjamzito, lakini kipimo hicho ni cha watu wa usawa wa bahari. Uwanda wa Mbozi uko juu ya meta 1000, na hewa nyepesi huifanya himoglobini ipande. Katika mwinuko wa meta 1500 hutakiwa kupunguzwa nusu gramu au zaidi kabla ya kulinganisha. Mama mwenye gramu 12.2 huko Isansa aweza kuambiwa yu mzima, kumbe sivyo. Feritini huonyesha upungufu mapema kuliko himoglobini, na iliyo chini ya mikrogramu 15 kwa lita huthibitisha kwamba akiba imekwisha. Lakini malaria au uvimbe wowote huipandisha kwa uongo.

Wala si kila upungufu wa damu wa mtu huyu umetokana na kisu. Minyoo ya safura hunyonya damu utumboni, na choo kipimwe. Baada ya upasuaji vitamini B12 na hata shaba hupungua, na hapo chuma peke yake hakitatosha. Vidonge vya chuma huufanya weusi wa kinyesi kuwa jambo la kawaida. Lakini kinyesi cheusi kinachonata kama lami, chenye harufu kali, chaweza kuwa damu ya kidonda kwenye mahali palipoungwa, na hapo ni kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Katika zahanati ya kijijini mhudumu huenda hajapata kumwona mtu aliyepasuliwa hivyo, na kovu dogo la tumboni halimwelezi kitu. Karatasi ya hospitali inayotaja aina ya upasuaji na tarehe yake itunzwe pamoja na kadi ya kliniki, na ionyeshwe kila aendapo kutibiwa, hasa akipata mimba, kwa kuwa mahitaji ya chuma hupanda sana katika miezi ya mwisho ya ujauzito na vidonge vya kawaida vya kliniki ya wajawazito huenda visimfae.